Kapona Tena!

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea, msininunie. Kwanza mitihani ya majaribio, halafu kazi za semina, halafu malaria, vyote vimekuja kwa foleni kama ndoo bombani. Leo sina habari za vimbweta wala za nani kamwacha nani. Leo nataka kuandika historia kidogo, si mnajua tena sisi watu wa Kiswahili na Historia, tukikaa bure vidole vinawasha.

Jumamosi iliyopita nilitoka hosteli Chang'ombe kwa mguu, nikapita Keko, nikakatiza Gerezani mpaka Kariakoo. Nauli niliyokuwa nayo ilitosha safari moja tu, na nilijua nitarudi na mzigo. Mjomba wangu anahama. Ile nyumba ya Kiswahili aliyozaliwa, vyumba sita na ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko na choo, ukoo umekubaliana kuiuza na hapo patasimama ghorofa kama kwa majirani. Ukikaa barazani kwake sasa hivi ni kama umekaa ndani ya kisima, ghorofa kulia, ghorofa kushoto, jua linakufikia saa sita mchana tu. Yeye anakwenda Chanika. Mwenyewe anasema haendi, anapelekwa.

Kazi niliyopewa mimi ni kabati la vitabu. Mke wa mjomba alishaongea na mama mmoja muuza karanga pale mtaani, aje achukue karatasi zote, atoe chochote. Nikasema ngoja kwanza niangalie kilichomo.

Jamani! Kufa na Kupona. Kikosi cha Kisasi. Njama. Hofu. Lazima Ufe Joram. Dimbwi la Damu. Salamu Kutoka Kuzimu. Najisikia Kuua Tena. Tutarudi na Roho Zetu. Mzimu wa Watu wa Kale bila jalada, na vingine vilivyoliwa na mchwa mpaka jina halisomeki. Yaani kabati zima ni Willy Gamba na Joram Kiango, na Bwana Msa kwa mbali kama babu yao.

Lakini si vitabu vyenyewe vilivyonikalisha chini kwenye sakafu mpaka adhuhuri. Ni pembeni mwa kurasa. Mjomba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza Mtaa wa Congo, miaka ile ya mwisho wa sabini na themanini yote. Pale barazani palikuwa na kijiwe: fundi saa, muuza kahawa, wapagazi wawili wa sokoni na karani mmoja aliyekuwa akipitia jioni akitoka ofisini. Kitabu kilinunuliwa kwa mchango, kikasomwa kwa zamu, na kila aliyesoma aliandika maoni yake pembeni ili anayefuata ayakute. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wowote unakuta watu watano wanabishana, mmoja kwa wino wa bluu, mmoja kwa penseli, mmoja kwa chaki ya fundi ambayo imeshafutika nusu.

Mwanzoni wanashangilia. "Safi!" "Mpige huyo!" "Huyu ndiye kijana wa Kiafrika." Kadiri vitabu vinavyoongezeka, sauti inabadilika. Zinaanza hesabu za risasi. Yanaanza maswali, huyu bwana analala saa ngapi? Kuna mmoja kaandika kwa hasira mpaka karatasi imechanika: "Joram hoteli ya kitalii, sisi sabuni hatuna." Na kuna neno moja linalojirudia kitabu hadi kitabu, karibu na mwisho, kwa mwandiko wa mjomba ambao naujua kwa sababu ndio ulioandika barua zangu za ruhusa shuleni: "Kapona tena."

Kwa wale waliozaliwa juzi, ngoja niwape faida. Willy Gamba ni mpelelezi wa serikali ya Tanzania, anatumwa na bosi wake anayeitwa Chifu, na ni mtoto wa kalamu ya Elvis Musiba. Alianza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ambamo nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam na Willy anazifuata hadi Nairobi. Kikosi cha Kisasi kikafuata mwaka 1979, safari hii vurugu ziko Kinshasa. Joram Kiango alikuja nyuma kidogo. Ni mpelelezi wa kujitegemea, hana bosi, ana mrembo wake Nuru, na polisi wamewakilishwa na Inspekta Kombora ambaye kila mara anabaki na maswali. Huyo ni mtoto wa Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliyezaliwa mwaka 1958 na baadaye kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji ya Heko. Hesabuni wenyewe. Miaka ile ya mwanzo ya themanini kijiwe kilipokuwa kinamgombania Joram, Mtobwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, yaani rika letu mimi na wewe tunaolia na madesa.

Darasani tunafundishwa kwamba hizi ni riwaya pendwa, na hapo hapo mtu anakunja uso kama kanusa kitu. Shutuma ya wasomi inajulikana: ni James Bond aliyepakwa rangi, anasa nyingi, wanawake ni mapambo, Azimio la Arusha halionekani hata dirishani. Na wakati ule shutuma hazikuwa za mdomo tu, vitabu vya David Maillu wa Kenya vilipigwa marufuku nchini mwaka 1976. Sikatai yote hayo. Ninachosema ni kwamba shutuma za kijiwe zilikuwa tofauti, na kwa maoni yangu zilikuwa kali zaidi, kwa sababu hawa walikuwa wanampenda Joram. Msomi anamlaumu mwandishi kwa kumwandika Joram. Kijiwe kinamlaumu kwa kushindwa kumwachia.

Karani (nadhani ni karani, ana mwandiko wa ofisini) ameliweka vizuri kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa kitabu kimoja: "Mwandishi anampenda Joram kuliko sisi tunavyompenda. Mtu ukimpenda hivyo humwoni tena." Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi wiki hii. Maana ndivyo ilivyo. Ukifika kitabu cha tano, adui mwenyewe anamsifia Joram kabla ya kumpiga. Msichana akimwona tu kashalegea. Hofu inakwisha, kwa sababu umeshajua mwandishi hawezi kuvumilia mwanawe aumie kweli. Vitabu vinaitwa Lazima Ufe, vinaitwa Kuzimu, vinaitwa Damu, na wewe msomaji huna wasiwasi hata kidogo!

Sasa hili si letu peke yetu. Kuna mama mmoja wa Marekani, Anne Rice, alikuwa anaandika hadithi za wanyonya damu. (Wanyonya damu sisi tuna wetu, mumiani. Bibi yangu alitutisha nao, na zamani za mkoloni watu wa pwani waliamini wazimamoto ndio wanaokusanya damu, mpaka Mombasa mwaka 1947 kituo cha zimamoto kikavamiwa. Ila mumiani hana sura nzuri wala hapendwi na mtu, hilo somo la siku nyingine.) Anne Rice alianza mwaka 1976 na Interview with the Vampire, na humo akazaliwa Lestat, mnyonya damu mtanashati, ambaye mama huyo alisema alimchota kwa mumewe, mshairi Stan Rice. Lestat akawa ndiye mwenye vitabu. Mwaka 2003 ikatoka Blood Canticle, na wasomaji waliokuwa naye zaidi ya miaka 20 wakachoka. Wakasema mama, huyu Lestat umemdekeza, huandiki tena hadithi, unamwandikia barua za mapenzi, na hukubali mhariri akuguse. Badala ya kunyamaza, mwaka 2004 akawajibu hadharani, jibu refu lenye hasira, akitetea kazi yake na kusema kweli kwamba hataki mhariri abadilishe maneno yake. Mumewe alikuwa amefariki mwaka 2002. Mimi nilipojua hiyo tarehe nilimsamehe nusu. Aliachana na Lestat kwa miaka kumi na kitu, akaandika habari za Yesu, halafu mwaka 2014 akamrudisha kwenye Prince Lestat. Alifariki Desemba 2021, Lestat bado mzima.

Kinyume chake ni Conan Doyle wa Uingereza, yeye alimchoka Sherlock Holmes mpaka akamtupa kwenye maporomoko ya maji mwaka 1893. Wasomaji ndio waliogoma, na miaka kumi baadaye akamfufua. Kwa hiyo ukimuua wanalia, ukimwacha hai wanakuandikia "kapona tena". Uandishi kazi jamani.

Kwetu aliyerithi kutoka kwa Holmes waziwazi ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mzaliwa wa Makunduchi. Bwana Msa wake ana kiko, ana rafiki, Najum, wa kushangaa kila kitu kama Watson. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na ikachapwa mwaka 1960. Akaenda na Bwana Msa huyo huyo kwa zaidi ya miaka 20, Mapinduzi yakapita, Muungano ukapita, Bwana Msa na kiko chake. Lakini angalieni jina la kitabu cha mwaka 1984: Kosa la Bwana Msa. Mimi napenda sana kwamba mzee wa watu, baada ya miaka yote ile ya shujaa asiyekosea, aliliweka neno "kosa" juu ya jalada na jina la mtoto wake pembeni. Alifariki mwaka 1991. Kwenye kabati la mjomba hicho hakimo. Nimeuliza, akasema walishachoka na kutafuta.

Na Mtobwa naye alijua. Hapa ndipo ninapobishana na kijiwe, samahani wazee wangu. Kitabu chake ambacho watu wengi wanakitaja kwanza ni Dar es Salaam Usiku, kile kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa Nairobi mwaka 1999. Joram hayumo. Mji ndio uliomo, na watu wake wa usiku. Pesa Zako Zinanuka nayo Joram hayumo. Maana yake Ben Mtobwa alikuwa na uwezo wa kumwacha mtoto nyumbani akaenda kazini peke yake, na alipofanya hivyo aliandika vizuri kuliko. Halafu anarudi, anamchukua tena mkono. Kwa nini?

Nilimuuliza mjomba. Yuko barazani kwenye kiti chake, macho yameharibika na kisukari, anaona vivuli tu. Akacheka. "Pesa, mjomba. Joram alikuwa anauza." (Sisi tunaitana mjomba wote wawili.) Sawa, pesa. Lakini pesa haitoshi kueleza kila kitu, na jibu langu nimelipata humo humo pembeni mwa kurasa.

Kitabu kimoja cha Joram, karibu na mwisho. Mjomba kaandika kama kawaida: "Kapona tena." Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa fundi saa: "Mwacheni apone. Samora hakupona."

Nilikaa na kile kitabu mapajani muda mrefu.

Samora Machel alianguka na ndege Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini. Miaka miwili na nusu kabla yake, tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine alikufa kwa ajali ya gari akitokea Dodoma. Na kabla yao, tarehe 3 Februari 1969, hapa hapa Dar es Salaam, Eduardo Mondlane wa FRELIMO alifungua kifurushi, kumbe bomu. Hii ndiyo Dar iliyokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963, yenye ofisi za vyama vya wapigania uhuru mitaa michache kutoka Mnazi Mmoja. Musiba aliposema nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa, msomaji wa mwaka 1974 hakuwa anasoma ndoto. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Mondlane. Adui alikuwa wa kweli, alikuwa na ndege na vifurushi, na katika maisha ya kweli mara nyingi alishinda. Fundi saa hakuwa mjinga wa fasihi. Alijua hesabu za risasi haziendi. Alitaka mmoja arudi nyumbani.

Kwa hiyo nadhani Mtobwa na Musiba hawakuwapenda watoto wao peke yao, tulimpenda pamoja, halafu sisi tukaacha bila kuwaambia. Au tuliwaambia pembeni mwa kurasa ambazo wao hawakuziona.

Maana baadaye uhuru ukaja. Aprili 1994 Afrika Kusini ikapiga kura, na mwaka huo huo Kamati ya Ukombozi ikafunga ofisi yake. Ukimfikiria Willy Gamba siku hiyo unamwonea huruma, bastola ipo, Chifu yupo, kazi hakuna. Kati ya Hofu ya mwaka 1988 na Uchu ya mwaka 2000 kuna miaka 12, na sidhani kama ni bahati mbaya. Musiba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, aliwahi kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, angeweza kukaa zake akale mafao. Lakini akamrudisha Willy. Hapo nashindwa kumtetea na sitaki kumtetea, maana hata kijiwe hakikuwepo tena kumsoma. Mitumba ilikuwa imeshaua cherehani za barazani. Fundi saa alirudi kwao Tanga. Mmoja wa wapagazi akafa. Mjomba aliniambia hivi, nimeandika kama alivyosema: "Mimi nilizeeka, cherehani ikazeeka, Makaburu wakaondoka, yeye tu hazeeki. Nikaona huyu si mwenzetu tena."

Hilo ndilo dai lao hasa, na nadhani ni la haki. Hawakutaka Joram afe. Walitaka azeeke nao. Awe na presha, akose kodi ya nyumba, Nuru amchoke, akosee mara moja mtu asiye na hatia aumie kwa sababu yake. Mwandishi akampenda mno kumpa hayo. Ben Mtobwa alifariki Novemba 2008, ana miaka 50, na Musiba akafuata mwaka 2010. Joram hana hata mvi.

Nilipoyasema haya kwenye semina Jumatatu niliulizwa ushahidi uko wapi, nikasema pembeni mwa kurasa za kitabu cha mjomba wangu, darasa likacheka, nikapewa alama ambazo sitazitaja humu. Lakini mwakani natakiwa kusimama mbele ya Kidato cha Tatu na kuwaambia kusoma ni raha, na sina mfano mwingine wa watu waliosoma kwa uchungu kama wale wa Mtaa wa Congo. Ningependa siku moja mwanafunzi wangu akasirike na kitabu kiasi hicho, mpaka karatasi ichanike.

Mama wa karanga alikuja saa tisa. Nilimpa magazeti ya zamani na mafomu ya bima. Vitabu nimevibeba kwenye mfuko wa salfeti, viko chini ya kitanda hosteli, na mwenzangu wa chumbani kashaanza kulalamika panya.

Kabla sijaondoka mjomba akaniambia nisome kidogo, macho yake hayawezi. Nikamuuliza kipi, akasema chochote cha Joram, ila anza karibu na mwisho, mwanzo naukumbuka. Nikasoma kurasa kama ishirini, pikipiki zinapiga honi nje na wabeba mizigo wanasukuma watu njiani. Alikuwa anaguna kila sentensi. "Uongo huo." "Haiwezekani." "Ruka hapo, anajisifu tu." Nilipofika mwisho nikanyamaza.

"Kapona?" akauliza.

"Kapona."

"Mpuuzi," akasema mjomba, akajiweka sawa kwenye kiti. "Haya, fungua kingine."

Wadau, anayetaka kuazima aje hosteli. Aje na kalamu yake.